Duvi, Mkunga na Viroboto wa Kidimbwi

Jamani, mpo?

— Tupo, tumekaa!

Masikio yapo?

— Yapo, yamesafishwa!

Niwape au niwanyime?

— Tupe, usibakishe!

Basi nawapa. Lakini leo nawapa nimeinamisha uso. Hadithi hii nilipoisikia mara ya kwanza nilimpigia Duvi makofi mpaka viganja vikaniuma. Sikuwa nimeisikia mpaka mwisho. Nyinyi isikieni mpaka mwisho, halafu makofi mtaamua wenyewe.

Palikuwa na kisiwa kiitwacho Funjo. Mlima mmoja, mto mmoja. Mto wenyewe unaitwa Mwaje. Unatoka mlimani, unateremka, unafika kwenye ukuta wa mwamba na kuanguka churururu! mpaka kwenye bwawa. Ukitoka bwawani unakwenda baharini, wala si mbali.

Mto huo una samaki wadogo, urefu wa kidole, huitwa Vipandajiwe. Chini ya tumbo Kipandajiwe ana kinyonyo cha kushikia mawe. Watoto wao huzaliwa juu ya maporomoko. Wakianguliwa tu, maji huwachukua mpaka baharini. Wakipata nguvu hurudi, wembamba kama vijiti vya kiberiti, na wakifika kwenye ukuta wa mwamba huupanda. Nata, vuta. Nata, vuta. Nata, vuta. Mpaka juu, nyumbani.

Kila masika mama mmoja wa Vipandajiwe, jina lake Somoe, hushuka bwawani kuwapokea watoto wanaorudi. Na kila masika hulia. Kwa nini alie? Kwa sababu chini kabisa ya maporomoko, pale pa kuanzia kupanda, alikaa Mkunga.

Mkunga huyo, samaki mrefu kama nyoka, alikuwa mnene kama paja la mtu mzima. Aliukunja mwili wake pale penye mwanya, akafungua kinywa, akangoja. Watoto wakifika, yeye husema:

"Wawili wangu, mmoja wa mlima!"

Gubu! Gubu! Wawili wamekwenda. Wa tatu anapanda huku anatetemeka.

"Wawili wangu, mmoja wa mlima!"

Gubu! Gubu!

Mchana kutwa ni hivyo. Akishiba bado anakula. Akichoka kula anafungua kinywa tu, maji yanamletea.

Sasa Somoe alikuwa na shoga yake hapo bwawani, Duvi. Duvi ni kamba mdogo wa mtoni, mwili kama kioo, ukimtazama unaona mpaka alichokula jana. Mdogo, lakini kichwa chake hakikulala. Masika ya mwaka huo alimkuta Somoe amejibana chini ya jiwe, analia.

"Shoga, wamepita wangapi leo?"

"Usiniulize."

"Nyamaza, shoga yangu. Huyu Mkunga nitamwondoa mimi."

Somoe akacheka hukohuko kwenye machozi. "Wewe? Wewe ni kama kipande cha ukucha! Utamwondoa kwa nguvu gani?"

"Si kwa nguvu zangu. Kwa ulafi wake."

Akasema hivyo kwa kujidai, lakini hakuwa na mpango wowote. Mpango aliupata baadaye, na ingekuwa heri asingeupata.

Juu ya ukingo, kando ya barabara, palikuwa na kidimbwi cha maji ya mvua. Kidimbwi hicho hakikuungana na mto. Hakikuwa na pa kuingilia wala pa kutokea. Siku moja bwana mmoja aliyekuwa akihama nyumba alisimama hapo na ndoo. Alikuwa amefuga samaki wa mapambo kwenye sanduku la kioo, sasa hana pa kuwaweka. Akawaonea huruma. "Nendeni mkaishi," akasema, akamwaga. Chubwi! Akaenda zake, na roho yake nyeupe kabisa.

Mvua iliponyesha, Duvi akatoka mtoni akatembea kwenye majani mabichi, kama duvi wafanyavyo, akafika kidimbwini. Akaona samaki ambao hajawahi kuwaona. Wadogo, mikia mipana ya rangi rangi, kama khanga zimeanikwa juani. Lakini wenye mikia hiyo walikuwa wamekonda, migongo imepinda.

"Hodi," akasema Duvi.

"Karibu, lakini usiingie sana," akajibu mama mmoja mwenye mkia mwekundu. "Mimi ni Bi Mkia. Unatoka wapi?"

"Mtoni, hapo chini. Mbona mmekonda hivi, na chakula mnacho? Naona viroboto wa maji wamejaa tele."

Kweli, maji yalikuwa yamejaa vijidudu vidogo vinavyorukaruka, pili pili pili.

Bi Mkia akashusha sauti. "Mwanangu, hao ndio wanaotuua. Matumboni mwetu mna minyoo, wekundu kama uzi. Wametoka nasi kule tulikotoka. Watoto wao hutoka na uchafu wetu, humezwa na viroboto hao. Samaki akila kiroboto, amemeza mnyoo. Kwetu wanatukondesha, lakini tunasukuma siku. Kwenu hawajawahi kuwapo, sijui watawafanya nini."

"Na mimi je?"

"Wewe una gamba, wewe si samaki. Hawakai kwako. Lakini nisikilize. Hiki kidimbwi kiangazi kitakauka. Tutakauka nacho, na minyoo watakauka nasi. Mimi nimekubali. Ila wewe usichukue kitu humu. Hata jani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bi Mkia."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Akaahidi, jamani. Akaahidi kwa kinywa chake. Lakini akili yake ilikwisha fika kwenye kinywa cha Mkunga.

Siku ya pili yake mvua ikanyesha tena. Duvi akapanda mpaka kidimbwini, akajificha upande ambao Bi Mkia hamwoni. Akakata kipande cha jani la gimbi, akachota viroboto, akakunja, akashuka nao. Akapita mbele ya Mkunga polepole, macho chini, kama mtu aliyeficha kitu.

"Wewe kipande cha ukucha! Umebeba nini?"

"Si kitu, Bwana Mkunga. Chakula tu. Cha wadogo. Mkubwa hakimfai."

"Nani kasema hakinifai?"

"Ndivyo wanavyosema bwawani."

"Lete!"

Gubu! Jani na viroboto wake. Mkunga akajilamba. "Kitamu. Kesho lete tena."

Kesho yake Duvi akapita tena, na jani kubwa zaidi.

"Umebeba nini?"

"Si kitu, Bwana Mkunga. Cha wadogo. Mkubwa hakimfai."

"Lete!"

Gubu!

Siku ya tatu Mkunga alimngojea njiani. "Umechelewa! Lete! Na mtu mwingine asionjeshwe, unasikia? Chote changu!"

"Chote chako, bwana," akasema Duvi, akainama. "Chote chako."

Gubu!

Hapo ndipo mimi nilipokuwa nikipiga makofi. Ngojeni.

Wiki ya kwanza Mkunga alikula kupita kawaida, lakini hakunenepa. Wiki ya pili paja la mtu mzima likawa kifundo cha mkono. Wiki ya tatu akawa kamba ya kufungia mzigo. Nyuma yake pakaning'inia nyuzi nyekundu, mbili, tatu, kama fundi cherehani amesahau kumalizia pindo. Watoto wa Vipandajiwe wakafika pale mwanyani. Mkunga akafungua kinywa.

"Wawili wangu..." akasema, kisha pumzi ikamwishia.

Watoto wakapita. Nata, vuta. Nata, vuta. Wote! Bwawa zima likalipuka kwa shangwe. Samaki wakamzunguka Duvi, wakamwimbia:

"Duvi kijiko, akili pipa!
Mkunga pipa, akili kijiko!"

Somoe alimkumbatia mpaka akakaribia kumvunja gamba. "Shoga, ulifanyaje?"

"Nilimpa alichokitaka," akasema Duvi, akacheka.

Wakala karamu. Walikula nini? Walikula walichokikuta majini. Mwaka huo bwawa lilikuwa na viroboto wengi ajabu, pili pili pili kila mahali. Mkunga alikuwa amelala pale maji yanapoingia bwawani, chini ya maporomoko. Uchafu wake wote uliteremka na maji, ukaenea bwawani, na viroboto wa bwawani wakaula. Somoe alikula sana siku ile. Ilikuwa karamu yake.

Duvi alikuwa katikati, anaimbiwa. Hakuona. Au tuseme hakutazama.

Masika yakaisha, Somoe akaaga arudi nyumbani juu. Duvi akamsindikiza mpaka kwenye ukuta. Somoe akashika mwamba. Nata, vuta. Nata, vuta. Nata... puu! Akaanguka.

"Nimeteleza," akasema, akacheka kidogo.

Nata, vuta. Nata... puu!

"Ni uzee, shoga. Nipumzike kidogo."

Akageuka kwenda chini ya jiwe lake. Na Duvi, aliyekuwa nyuma yake, akaona. Uzi mmoja mwekundu.

Mwili wa Duvi ni kioo, nimewaambia. Siku hiyo alitamani angekuwa jiwe, asionekane ndani.

Alijiambia, nitasema kesho, akipata nguvu. Kesho yake Somoe hakupata nguvu, na samaki wengine watatu wakaanza kukonda. Duvi akajiambia, nitasema wakipona. Hawakupona. Kisha wakamjia wao wenyewe, wamekonda, wameinama, wamejaa matumaini.

"Duvi, wewe ndiye mwenye akili bwawani. Tuambie, hili ni nini?"

"Ni maji," akasema Duvi. "Maji ya mwaka huu ni mazito. Yatapita."

Wakamshukuru. Jamani, walimshukuru! Na walipoondoka yeye alikwenda chini ya mizizi akafunika macho kwa mikono yake yote, na mnajua duvi ana mikono mingi. Haikutosha.

Maji hayakupita. Watoto wawili wa samaki wakafa. Ndipo mmoja akasema, "Aliyeanza kukonda ni Mkunga. Minyoo ni yake. Ametulipizia!"

"Ametulipizia!" wakaitikia wote.

Wakaenda kumtoa. Samaki wagonjwa wakamwendea mgonjwa mwenzao, wakamuuma mkia, wakamuuma mapezi, wakamsukuma kuelekea baharini. Mkunga hakupigana. Alipopitishwa mbele ya mizizi alimwona Duvi, akasimama.

"Duvi," akasema, polepole, maana sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Nilikula watoto wao. Hilo nalijua, na aibu yake ni yangu. Vile vya jani la gimbi nilivila kwa ulafi wangu. Hilo nalo langu. Lakini hawa wengine, walitukosea nini sisi wawili, wewe na mimi?"

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kusema mbele ya wote, "Muulizeni huyu!" Hakusema. Alingoja Duvi aseme mwenyewe. Samaki wote walikuwa pale, kimya, wanasikiliza.

Duvi akanyamaza.

Mkunga akatikisa kichwa, wakamsukuma, akaenda. Hakuonekana tena Mwaje.

Jioni ya siku hiyo, kabla jua halijazama, Duvi alikwenda kwa Somoe. Alisimama mbali kidogo na lile jiwe. Hakuthubutu kukaribia.

"Shoga."

"Njoo karibu, mbona unasimama mlangoni kama mdai?"

"Si maji, shoga. Wala si Mkunga. Ni mimi."

Akamweleza. Kidimbwi, Bi Mkia, jani la gimbi. Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Uliambiwa usichukue?"

"Niliambiwa."

"Ukaahidi?"

"Nikaahidi."

"Ukachukua?"

"Nikachukua. Mara tatu."

"Na Mkunga alipopita leo, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Nami nilikuwepo," akasema Somoe. "Nilimuuma mkia, Duvi. Kwa meno haya."

Alimwita Duvi. Siku zote alikuwa akimwita shoga.

Duvi akaanguka chini. "Nilikufanyia wewe. Nilitaka usilie."

"Najua. Usinikumbushe, maana ukinikumbusha nitakuwa ninadaiwa shukrani, na sina."

Kisha Duvi akasema, "Niruhusu nikusukume uupande ukuta. Nitawaita duvi wote, tutakusukuma kutoka chini. Huko juu maji ni safi. Ukifika nyumbani utapona."

"Kwa sababu ni safi ndiyo maana sipandi," akasema Somoe. "Nikapande na hivi vilivyomo tumboni? Nikawapelekee? Mimi nitabaki hapahapa. Na waambie wote waliougua wasipande. Waambie na sababu. Sababu yote."

Duvi akazunguka bwawa zima akawaambia. Jiwe kwa jiwe. Wengine walimtukana. Wengine walimgeuzia mgongo, na waliomgeuzia mgongo walimwumiza zaidi. Mzee mmoja alimuuliza, "Na ule wimbo tuliokuimbia, ulikuwa unausikia huku unajua?" Duvi akasema ndiyo. Mzee akasema, "Basi sawa," akaingia ndani.

Waliougua hawakupanda. Somoe alifariki mvua za vuli zilipoanza, upande wa chini wa ukuta wa mwamba, ambapo maji ya nyumbani kwao yanamdondokea. Duvi alikuwa karibu, lakini si karibu sana. Hakuitwa.

Kabla ya kufa Somoe alimwachia kazi moja. "Watoto watarudi kutoka baharini. Kaa pale mto unapoingia baharini, waambie."

Basi masika yaliyofuata Duvi akaenda akakaa kwenye mlango wa mto. Watoto wa Vipandajiwe wakaja, kundi la kwanza, wembamba kama vijiti vya kiberiti, wana njaa ya safari.

"Simameni!" akasema Duvi. "Mkifika bwawani msile kitu. Hata kiroboto mmoja. Piteni na njaa, mpande na njaa, mle juu."

"Kwa nini?"

"Bwawani mna minyoo. Mkiwameza hamtapanda."

"Nani kawaleta?"

Jamani, jibu alikuwa nalo mdomoni. Alikuwa amelisema jiwe kwa jiwe bwawa zima. Lakini hawa walikuwa wapya. Walimtazama kwa macho safi, hawamjui, na ilikuwa imepita muda mrefu tangu mtu amtazame hivyo.

"Mkunga," akasema. "Mkunga mlafi ndiye aliyewaleta."

"Mkunga mbaya!" wakasema watoto, wakapita mbio.

Duvi akabaki pale. Akalisikia neno lake mwenyewe likiondoka na watoto, linapanda mto. Akashtuka, akaanza kuwafuata. Duvi si mwogeleaji wa kushindana na mkondo. Alitambaa, alishika mizizi, alivuta mawe, alitambaa. Alipofika bwawani walikuwa wameshaanza kupanda. Nata, vuta. Nata, vuta. Hawakuwa wamekula kitu, walikuwa wasikivu.

"Si Mkunga!" akapiga kelele. "Ni mimi! Ni mimi Duvi!"

Churururu! yakasema maporomoko.

"Ni mimi!"

Churururu!

Mmoja aligeuka, akadhani anaagwa. Akatikisa mkia naye amuage, akaendelea kupanda. Mpaka juu.

Duvi akarudi mlangoni. Kundi la pili likaja, likauliza nani kawaleta. Akasema, "Ni mimi." Kundi la tatu likauliza. "Ni mimi." Hakukosea tena, hata siku moja. Wale wa bwawani wakiulizwa leo watakwambia ni Duvi, na watoto wote waliofuata watakwambia ni Duvi. Lakini kundi la kwanza ndilo lililofika juu kwanza, na juu huko ndiko hadithi zinakotungwa, halafu zinateremka na maji mpaka kwetu.

Kwa hiyo funzo la hadithi hii, kama lilivyoteremka, ni hili: walafi ndio waletao maradhi duniani. Kariri!

— Walafi ndio waletao maradhi duniani!

Vizuri. Na wajanja je?

— Wajanja... wajanja hawamo?

Hawamo. Funzo ni fupi, halina nafasi ya kila mtu. Atakayeulizwa na mwenzake aseme ni la kweli, maana nimelisema mimi na nina sauti kubwa.

Nami nimeishia hapo. Iliyo tamu ilambeni, iliyo chungu nirudishieni, nilale nayo mwenyewe.